Mdomo wa Superman

Ukipata nafasi itazame tena filamu ya Justice League iliyotoka mwaka 2017. Pale mwanzoni kabisa, watoto wanapomrekodi Superman kwa simu, mkazie macho mdomo wa juu. Umevimba, haukai sawa, kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Mwigizaji Henry Cavill alikuwa amefuga masharubu kwa ajili ya filamu ya kampuni nyingine, nayo ikakataa yanyolewe. Basi yakafutwa kwa kompyuta. Lakini kwa nini aliitwa tena mbele ya kamera ilhali picha zilikwisha kupigwa? Hapo ndipo penye maneno.

Mwongozaji Zack Snyder aliiacha kazi Mei mwaka ule baada ya kufiwa na binti yake. Msiba hauna wa kulaumiwa. Ila studio ya Warner Bros. hawakumtaka Joss Whedon, mwongozaji aliyeshika nafasi yake, amalizie tu kilichobaki. Mengi yaliandikwa na kupigwa upya, vichekesho vikapenyezwa, na filamu ikakatwa hadi saa mbili. Hata mtunzi wa muziki, Tom Holkenborg, aliondolewa, akaletwa Danny Elfman, ambaye aliurudisha muziki wa Batman alioutunga mwaka 1989. Elfman ni bingwa, sina ugomvi naye. Lakini mpishi anayeitwa chungu kikiwa jikoni atafanya nini zaidi ya kuongeza chumvi?

Nawasikia wanaosema mwenye fedha ana haki. Anayo, tena kubwa, maana filamu hizi hula mamia ya mamilioni ya dola. Basi na aitumie mapema: asome mswada, abishane, hata amkatae mtu. Mwongozaji Edgar Wright aliihangaikia filamu ya Ant-Man miaka na miaka, akaachana na studio ya Marvel mwaka 2014 kwa kutoelewana juu ya mswada. Iliuma, lakini walau waliagana mlangoni, kabla kamera hazijawashwa.

Na Marvel hao hao walipomwachia mwongozaji Ryan Coogler aje na mtunzi wake, Ludwig Göransson, tukapata Black Panther. Göransson alikwenda Senegal, akafuatana na mwanamuziki Baaba Maal katika ziara yake, akaijua tama: ngoma ndogo ya kubana kwapani, ukiikaza kamba sauti hupanda, ukilegeza hushuka, mpaka ikatamka jina la T'Challa, shujaa wa filamu hiyo. Mwaka 2019 akapewa Oscar. Niambieni, enyi mabwana wa studio, ni kikao gani cha ofisini kwenu kingeagiza ngoma ile? Fundi mmemchagua wenyewe; mwacheni amalize, ndipo mhukumu.

Mwaka 2021, baada ya mashabiki kudai kwa miaka, Warner walitoa tena mamilioni ili Snyder akamilishe filamu yake. Ina saa nne na dakika mbili, na muziki wake ni wa Holkenborg. Ni ndefu, nakiri. Mimi niliitazama kwa siku mbili. Mdomo wa Superman umekaa sawasawa.