Jina la Kilwa Mjini Dar es Salaam



Mtu atokaye kwao hawezi kuchukua nyumba yake kichwani, wala shamba lake. Lakini jina la kwao hulichukua, wala halimlemei. Mwezi huu natuwatazame waliolichukua jina la Kilwa, mji uliojipigia sarafu zake zamani, wakalifanya jina la muziki.

Mwaka 1958 Ahmed Kipande aliunda bendi mjini Dar es Salaam, ikaitwa Kilwa Jazz Band. Neno hilo "jazz" lisitupoteze: hawakupiga muziki wa Marekani ulioitwa hivyo. Walipiga magitaa, ngoma na saksafoni, kwa mwendo wa rumba uliotoka Kuba na Kongo, na maneno yao yalikuwa Kiswahili. Wala hawakuwa peke yao. Mwaka 1959 Iddi Nhende wa Nzega aliunda Western Jazz. Tena zilikuwako Rufiji Jazz na Ulanga Jazz. Kila jina lilikuwa jina la kwao mtu.

Kwa nini hivyo? Kwa sababu mji ulikuwa umejaa wageni, na kwao kulikuwa mbali. Safari ya Kilwa ilikatwa na mto Rufiji. Watu walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika barabara ilikuwa matope matupu. Daraja la Mkapa halikufunguliwa hata mwaka 2003. Basi kijana wa kusini aliyesikia jina la Kilwa likitajwa dansini alijiona si mkiwa tena.

Lakini jina halinunui gitaa, na hapo ndipo palipo neno lenyewe. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, na baadaye polisi na jeshi kadhalika. Huko mpigaji alipewa mshahara, na vyombo vilinunuliwa na mwajiri. Bendi iliyojitegemea, kama ile ya Kilwa, haikuwa na mwajiri wa namna hiyo. Tegemeo lake kubwa lilikuwa kiingilio cha mlangoni: mvua ikinyesha usiku wa dansi, watu hawaji, watu wasipokuja, wapigaji hulala njaa. Hata sahani za santuri zilichapwa Nairobi, si kwetu.

Basi, yupi aliyekuwa na heri? Aliye na mshahara alilala ameshiba. Lakini siku atokapo kazini, gitaa hubaki kwa mwenyewe. Wahenga walisema: nguo ya kuazima haisitiri maungo. Naye ajitegemeaye huona taabu nyingi, ila kazi ya mikono yake ni yake.

Bendi ile haipo tena, lakini wimbo wake "Napenda Nipate Lau Nafasi" wakumbukwa mpaka leo na wapendao nyimbo za zamani, na jina la Kilwa limo pamoja nao.

Enyi wazazi, mtoto akija kuwaambia, "Nataka kuingia katika bendi," msianze kwa ukali, wala msikubali upesi. Mwulizeni kwanza: "Vyombo ni vya nani? Na mapato hugawanywaje?" Akijua kujibu, mketi naye mzungumze. Asipojua, mpelekeni akaulize kwanza, ndipo arudi.