Lumbesa na Tabia ya Taifa

Viazi vya milima ya Uporoto hufika soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, vikiwa kwenye gunia lenye kichwa. Gunia limeshajaa, lakini juu ya mdomo wake vimeongezwa viazi vingine, vikazungushiwa wavu na kushonwa kwa kamba hadi mzigo ukawashinda wapakiaji wawili. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na viongozi wetu hawachoki kuipiga marufuku lumbesa majukwaani. Hata hivyo mkulima hulipwa bei ya gunia moja, na mzigo ule ule ukifika sokoni huuzwa kwa sado na kwa kilo.

Mkulima anajua kwamba anapunjwa. Dalali anajua, na mkata ushuru anajua. Mbona basi mkulima hasemi? Hasemi kwa sababu amekwisha kujifunza kwamba akigoma, gari litageuza kwa jirani yake, na akishtaki, ataambiwa njoo kesho. Ndugu zangu, hapo ndipo tabia ya taifa inapofinyangwa, wala si siku ya kupiga kura peke yake. Mtu aliyezoea kudhulumiwa mchana kweupe, asiwe na pa kusemea, huwa mmoja wa wawili: mwoga wa kujipendekeza, au mkaidi anayengojea siku yake. Tena naye hujifunza kupunja. Hupanga viazi vikubwa juu ya gunia, na vile vidogo kama golori huvificha katikati. Tunamwita mjanja, kumbe tumemfundisha wenyewe.

Si mkulima peke yake asiye na pa kusemea. Novemba 2011, machinga waliokuwa wakiondolewa kando ya barabara hapo Mwanjelwa walipambana na polisi, na shughuli za mji zikasimama. Wako waliosema, na hadi leo wanasema, kwamba vijana wa Mbeya ni wakorofi kwa asili. Nayakataa maneno hayo. Mnyakyusa, Msafwa na Mkinga wanauziana na kukopeshana pale kila siku bila kushikana mashati. Kijana aliyeulizwa mapema ahamie wapi, na lini, hana haja ya kuokota jiwe.

Mwishoni mwa mwaka 2018 machinga nchi nzima walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, na wengi wakashukuru, kwa kuwa mgambo alikuwa hawakimbizi tena. Mwaka 2021 amri ikageuka, wakatakiwa kuhamia maeneo yaliyopangwa. Sisemi kupanga mji ni kosa. Mwenye duka naye analipa kodi, na mwenda kwa miguu anahitaji njia. Ninachosema ni kwamba kilichotolewa kwa hisani ya mkubwa kiliondoka kwa neno la mkubwa. Raia anayeishi kwa hisani hujifunza kupiga makofi tu, kudai hajui.

Atakuwepo wa kusema: basi serikali ishike rungu, iwasawazishe watu wote kwa nguvu. Iringa walikwisha kuyaona hayo. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa na nia njema, na mimi ni miongoni mwa wanaolitetea. Lakini kule Isimani, kwenye mashamba makubwa ya mahindi, ujamaa ulifika kama amri, na waliokuwa na trekta hawakukaa kitako na wasio na jembe wakazungumza. Tarehe 25 Desemba 1971 Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Kleruu, alipigwa risasi na mkulima Saidi Mwamwindi shambani kwake. Mwamwindi naye akanyongwa. Watu wawili wakaenda, na usawa uliokusudiwa haukupatikana kwa njia ile.

Linganisheni na Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu mfumo wa vyama. Wananchi wapatao asilimia 80 waliiambia kwamba wanataka chama kimoja kiendelee, na asilimia 20 wakataka vyama vingi. Kwa hesabu za sokoni jambo lilikwisha kuamuliwa. Lakini Tume ikapendekeza vyama vingi, wachache nao wawe na mahali pa kusimama, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Nchi iliyowahi kuwasikiliza wachache katika jambo zito vile, inashindwaje kumsikiliza mkulima mmoja wa viazi?

Tusingoje Dodoma. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, awe tajiri au kibarua, na kisheria hukutana kila baada ya miezi mitatu. Nendeni. Dai la kwanza liwe mizani: kijiji kinunue yake, na gunia lipimwe mbele ya mwenye shamba kabla halijapanda garini. Wanawake, ambao ndio wanaochimba hivyo viazi, wasiachwe nyuma kwenye jamvi huku wanaume wakijibizana vitini. Na akisimama mama akauliza fedha za ushuru wa mazao zimekwenda wapi, mwenyekiti akamjibu kwamba huyu ametumwa, nyinyi mliokaa msicheke. Mwambieni mwenyekiti asome mapato na matumizi.