Wewe Unayeanza Kazi, Uliza

Mwisho wa kila mwaka vyuo vyetu hufanya mahafali. Majoho huvaliwa, picha hupigwa, wazazi husafiri kutoka Kigoma na Tandahimba kuja kushuhudia. Makala haya nawaandikia waliovaa majoho hayo na sasa, baada ya kusubiri kwa miezi au miaka, wameitwa kazini. Nina jambo moja la kuwaasa: msiingie kazini kimya. Ulizeni kabla ya kutia saini, ulizeni mkiwa kazini, na mkifika nyumbani semeni kweli juu ya mnachopata.

Kimya hiki kimeenea, na najua kinakotoka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, nchi ilikuwa ikiwangoja wahitimu kwa hamu. Nafasi zilikuwapo kabla ya watu. Leo watu wamezizidi nafasi mara nyingi, na tangazo moja la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huvuta maelfu ya maombi. Kijana aliyepita usaili wa kuandika, akapita wa ana kwa ana, kisha akaliona jina lake kwenye orodha, hujiona amefanyiwa hisani. Na aliyefanyiwa hisani huona haya kuuliza.

Kipo pia kivuli cha mwaka 1966. Oktoba mwaka ule wanafunzi wa chuo hichohicho waliandamana kuupinga utaratibu mpya wa kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, ambao ungewafanya wapokee asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza Ikulu, akakasirika, akawarudisha makwao kwa mamia, kisha akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwalimu alikuwa na haki ya kukasirika. Wakulima maskini walikuwa wamewasomesha vijana wale, nao walipotakiwa kurudisha sehemu ndogo waligoma. Lakini wengi wetu tulitoka na fundisho ambalo kisa kile hakikuwa nalo, kwamba msomi anayetaja mshahara ni mroho. Wale walikuwa wakiukataa wajibu. Wewe unayeuliza saa zako za kazi na malipo yako unataka kuujua wajibu wako na wa mwajiri wako, kila upande uutimize. Usikubali mtu akuchanganye na wale.

Anzia basi kwenye barua ya ajira. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi: kazi yenyewe ni ipi, inaanza lini, mkataba ni wa aina gani na wa muda gani, kituo ni wapi, saa ni ngapi, malipo ni kiasi gani na yanakokotolewaje. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Haya yote hayahitaji ugomvi. Yanahitaji kijana aketi, asome kila ukurasa, aombe siku moja aende na karatasi nyumbani akaisome tena kwa utulivu. Mwajiri mwungwana hatanuna. Anayenuna kwa kuombwa siku moja amekuonyesha mapema atakavyokutendea ukiugua au ukifiwa.

Jihadhari sana na maneno haya: "Wewe anza tu, barua itakuja." Nimewaona vijana wenye shahada nzuri wakianza hivyo, na barua isije hata siku moja. Mwezi wa kwanza walipewa fedha mkononi, wa pili wakapewa nusu, wa tatu wakaambiwa hali ya biashara ni ngumu. Walipotaka kudai, hawakuwa na hata karatasi moja yenye majina yao. Kama umekwisha anza kwa namna hiyo, andika leo, kwa heshima, ukiomba barua yako, na ubaki na nakala. Ukiachishwa isivyo haki, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na lalamiko la kuachishwa kazi linatakiwa lifike huko ndani ya siku 30. Wengi huenda huko wamechelewa kwa sababu walikuwa wakiona haya.

Sasa njoo kwenye fedha, maana hapa ndipo kimya huumiza zaidi. Tuseme umeajiriwa na kampuni binafsi kwa mshahara wa msingi wa shilingi 700,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ukikatwa asilimia 10, itachukua 70,000. Zinazobaki, 630,000, hutozwa kodi ya mapato, ambayo kwa viwango vya Bara itafika 42,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo huchukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi (kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 ilikuwa asilimia 8), nayo ni 105,000. Jumla ya makato ni 217,000. Utakachopokea ni 483,000. Fanya hesabu hii kabla ya kukubali kazi, usingoje kushtuka mbele ya mashine ya benki. Ukianza kulipwa, dai hati ya mshahara kila mwezi, isome, kisha nenda NSSF ukaombe taarifa ya michango yako, kwa sababu wapo waajiri wanaokata wasipeleke. Jambo hilo likigunduliwa mwezi wa tatu hurekebishika kwa urahisi. Likigunduliwa baada ya miaka kumi, kampuni huenda imekwisha kufungwa.

Hizo 483,000 zinakwenda nyumbani, ambako hakuna anayezijua. Baba anajua mwanawe analipwa laki saba, na jirani amekwisha kuambiwa. Mdogo wako anangoja ada. Kamati ya harusi ya binamu imekuandikia mchango wa mtu mwenye kazi. Na wewe uliyepangiwa kazi Dar es Salaam unatafuta chumba, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Chumba cha shilingi 100,000 kwa mwezi kinadai 600,000 siku ya kuhamia, na mshahara wako wote unaofika mkononi haufiki hapo. Kijana hunyamaza, kwa kuona haya kumwambia mzazi aliyeuza ng'ombe kumsomesha kwamba hana kitu. Anakwenda kukopa. Akikosa benki anaangukia kwa wakopeshaji wa riba kubwa, wale wa kausha damu, na mwaka wake wa kwanza kazini unaisha akiwa na deni kubwa kuliko alipokuwa mwanafunzi.

Mwanangu, chukua hati ya mshahara, kaa na wazazi wako, wasomee mstari kwa mstari. Waambie: hiki ndicho kinachofika mkononi, hiki ni cha chumba na nauli, hiki nitawaletea kila mwezi, hata kama ni 40,000. Mzazi aliyeonyeshwa ukweli huwa mlinzi wako kwa ndugu wengine, na yeye ndiye atakayemjibu mwenye kamati. Nanyi wazazi, msimpokee kijana kwa orodha ya madeni siku ya mshahara wa kwanza. Muulizeni kwanza analala wapi na anakula nini.

Kazini kwenyewe sina maneno mengi. Shahada haikukufundisha kuandika dokezo sabili, yaani barua fupi ya ndani ya ofisi, wala jalada likishatoka masijala linapitia meza ya nani. Wanaojua ni wenyeji wa ofisi, na mara nyingi ni yule mama wa masijala mwenye elimu ya kidato cha nne. Msalimu asubuhi, mwombe akuelekeze, andika anachosema katika daftari usije ukamuuliza lilelile mara tatu. Kijana anayeuliza wiki ya kwanza huonekana mwanafunzi mwema. Anayekisia kwa miezi sita, kisha akaharibu hesabu za idara, hana tena wa kumtetea.

Limebaki la kujitolea. Wako vijana wengi wanaofundisha, wanaohudumia zahanati, wanaokaa mapokezi bila malipo, kwa tumaini kwamba siku moja watakumbukwa. Siwakatazi, maana uzoefu ni mali na waajiri wengi huudai. Lakini kabla ya siku ya kwanza uliza mambo manne na uombe yaandikwe: nitajitolea hadi lini, nani atanifundisha, nauli yangu nani atailipa, na mwishoni nitapewa barua inayosema nimefanya nini? Asiyeweza kukujibu hata moja hana cha kukupa. Miezi sita ya kujifunza kweli inatosha kukuonyesha kama pana mlango. Kumtumikisha mtu mzima bure kwa miaka miwili ni dhuluma, hata kama naye alikubali.

Nanyi waajiri, wakuu wa shule na wenye makampuni, neno hili ni lenu pia. Mwekeeni kijana barua yake mezani asubuhi ya siku ya kwanza. Mteulieni mtu wa kumwelekeza. Akiuliza kuhusu mshahara mjibuni kwa tarakimu. Na wale wanaojitolea kwenu mwaka wa pili sasa, waajirini, au kama fedha hamna, waandikieni wiki hii barua ya kuthibitisha kazi walizofanya, waende nayo kwa mwajiri mwingine.