Tusiikate Gari Kabla ya Kuijua

Kila tone la petroli linalochomwa Unguja na Pemba limevuka bahari, na limelipiwa kwa jasho la wananchi. Kwa hiyo twawaunga mkono wenye magari ya mseto, yale yatumiayo injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, wanaotaka kuyarekebisha yapunguze mafuta zaidi. Kuepuka israfu ni jambo la kheri.

Wala jambo hilo si ndoto. Mwaka 2004, huko California, Marekani, Ron Gremban na wenzake waliiongezea Toyota Prius betri za risasi, ikaweza kuchajiwa kwa umeme wa nyumbani. Lakini kazi ile iliongozwa na mhandisi. Betri kubwa ya gari hilo ina volti 200 hivi. Azikataye nyaya zake za rangi ya machungwa bila ya elimu anachezea roho yake.

Yako marekebisho yasiyo hatari: kujaza matairi upepo ipasavyo, kuondoa mizigo isiyo na haja, na kusafisha njia ya hewa ipozayo betri, ambayo huzibwa na vumbi. Haba na haba hujaza kibaba.

Makubwa kuliko hayo yahitaji mafundi waliosomeshwa. Twaiomba Serikali iyape uzito mafunzo hayo katika vyuo vyetu vya ufundi, na magari yaliyobadilishwa yakaguliwe kabla ya kurudi barabarani. Tukumbuke kuwa hata umeme hutujia kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Kilicho chetu hasa ni ujuzi wa mafundi wetu. Huo ndio msingi wa kujitegemea.