Radiani Ndiyo Yenye Uzi

Kiswahili kina mzaha mmoja katika hesabu ambao kitivo chetu hakijaugusa. Digrii za pembe tunaziita nyuzi: pembe mraba ina nyuzi 90, duara zima lina nyuzi 360. Lakini kupata digrii moja hakuhitaji uzi wowote. Watu wa kale waligawa duara sehemu 360, basi. Tumerithi hesabu ya Babeli. Kipimo kinachopatikana kwa uzi hasa ni kile tulichokiachia jina la kigeni, radiani.

Jambo hilo lilinijia Piana-Mwanga, nikimsaidia mdogo wangu anayesomea umeme. Kanuni aliijua kwa Kifaransa, neno kwa neno: zidisha kwa pai, gawanya kwa 180. Nyuzi 60 akazigeuza kuwa pai juu ya 3 bila kukwama. Nikamwuliza, radiani moja ni nini? Kimya. Kisha akatafuta sini ya nyuzi 30 huku kikokotoo kimewekwa kwenye radiani, kikampa hasi 0,988 badala ya 0,5, naye akaandika hivyo hivyo.

Tukachukua mfuniko wa sufuria na uzi wa kushonea. Tukakata kipande chenye urefu wa nusu kipenyo, kutoka katikati hadi ukingoni, tukakilaza juu ya ukingo. Pembe ambayo kipande hicho kinaifungua pale katikati ndiyo radiani moja, karibu nyuzi 57,3. Nusu ya ukingo ikameza vipande vitatu na kijisehemu. Kijisehemu hicho ndicho kinachofanya 3 iwe 3,14, yaani pai. Basi nyuzi 180 na radiani pai ni pembe ile ile. Kugeuza moja kuwa nyingine hakudai tena kukariri.

Wala si mchezo wa jikoni. Kituo cha Piana-Mwanga kwenye mto Luvua kilijengwa wakati wa ukoloni ili kupeleka umeme kwenye migodi ya bati ya Manono. Fundi wa mitambo ya namna hiyo hukutana na radiani kila siku: umeme wa hezi 50 ni radiani 100 pai kwa sekunde, na njia zake tatu hupishana kwa nyuzi 120, yaani pai mbili juu ya 3.

Najua nitaambiwa hayo ni ya kitivo cha sayansi. Siyo. Neno radiani lenyewe lilichapwa mara ya kwanza mwaka 1873, katika maswali ya mtihani ya James Thomson huko Belfast. Kabla yake Thomas Muir alikuwa akisitasita kati ya majina matatu. Waingereza nao walikaa wakatafuta neno. Sisi tuna lugha iliyotajwa katika Katiba ya 2006 miongoni mwa lugha nne za taifa, na bado mtoto akifika kwenye pembe ngumu tunamhamishia Kifaransa. Hata Tanzania nyuzi zinafundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi, radiani inangoja Kiingereza cha sekondari.

Sidai tubadili jina. Radiani linatamkika vizuri. Nadai fasili. Mwaka huu mwanafunzi mmoja wa kitivo aandike tasnifu yake juu ya istilahi za pembe, tao na mzingo, akae na walimu wa hesabu wa Kalemie, na kila fasili aijaribu kwa wanafunzi wa sekondari kabla ya kuileta kwetu. Uzi wa kushonea nitanunua mimi.