Utafiti wa Tiba ya Mifugo na Haki ya Mfugaji wa Kisii na Nyamira

Daktari wa mifugo akishamaliza shahada ya kwanza ya miaka 5, anaweza kuendelea na uzamili, ambao huchukua miaka 2 hivi ya masomo na utafiti, kisha uzamivu wa miaka isiyopungua 3. Nchini Kenya mafunzo haya yana mizizi Kabete, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Egerton kina kitivo chake Njoro. Kwa kaunti za Kisii na Nyamira, suala ni kama inafaa fedha za umma zigharamie masomo hayo ilhali mfugaji hana hakika ya kumpata wa kumtibia ng'ombe wake akiugua usiku.

Wanaopinga wana hoja nzito. Tangu serikali ilipoanza kujitoa katika matibabu ya mifugo, majosho na uhimilishaji, mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, mzigo umemwangukia mfugaji mwenyewe. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti huduma za mifugo, lakini bajeti zake zinagombaniwa na hospitali, barabara na shule za chekechea. Daktari mmoja akienda masomoni, wadi kadhaa hubaki bila mtu. Na tasnifu nyingi huishia maktabani, asizione hata mfugaji ambaye ng'ombe wake alitolewa damu kwa ajili ya uchunguzi.

Hata hivyo, ufugaji wa kaunti hizi una matatizo yasiyoweza kutatuliwa kwa majibu yaliyotafutwa kwingine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kwa wingi huo wa watu, mashamba yamegawanywa kwa urithi kizazi baada ya kizazi, na familia nyingi hufuga ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili zizini na kuwalisha nyasi ya nepia iliyopandwa kando ya chai na migomba. Nepia yenyewe hushambuliwa na ugonjwa wa kudumaa, ambao umeenea magharibi mwa Kenya. Malisho yakipungua, mwenye zizi hukata nyasi kando ya barabara au hununua za mbali, na kupe huweza kuingia pamoja nazo. Kwa njia hiyo ng'ombe asiyewahi kutoka zizini anaweza kupata ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe.

Chanjo ya ndigana kali yaonyesha vizuri pengo lililopo. Ilitokana na utafiti wa kituo cha Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970: ndama hudungwa vimelea hai vilivyotolewa kwa kupe, na papo hapo hupewa oksitetrasaiklini ya kuzuia ugonjwa usimzidi nguvu. Kinga yake hudumu miaka mingi. Lakini chanjo huhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika, na kwa muda mrefu imefungashwa katika mirija ya dozi zipatazo 40, ambazo zikishayeyushwa lazima zitumike ndani ya saa chache. Kwa Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania, wenye ndama wengi katika boma moja, mpango huo umefaulu. Katika kijiji cha Nyamira, kupata ndama 40 wa umri ufaao asubuhi moja ni kuzunguka milima na mabonde, zizi kwa zizi. Ni ndama wangapi huzaliwa katika wadi kwa mwezi? Wafugaji wako radhi kulipa kiasi gani? Nani awakusanye? Hayo ni maswali ya tasnifu ya uzamili, na majibu yake yangeokoa mali ya maskini.

Kuna mengine yanayosubiri utafiti. Viuavijasumu hununuliwa kwenye maduka ya agroveti na kudungwa bila vipimo, halafu maziwa huuzwa siku hiyohiyo. Mifugo huvuka kutoka eneo jirani la Transmara kuja sokoni, na ugonjwa wa miguu na midomo huweza kuvuka nayo. Kenya imejiwekea mpango wa 2014 hadi 2030 wa kukomesha vifo vya binadamu vya kichaa cha mbwa, nao hauwezi kutimia pasipo kujua mbwa wa kila eneo ni wangapi na wangapi wamechanjwa.

Busia imethibitisha kwamba utafiti wa namna hii unawezekana vijijini. Kuanzia 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) walichunguza watu na mifugo katika maboma 416 ya eneo hilo la magharibi, wakatumia maabara iliyokuwa hukohuko, na kazi hiyo ikalea wanafunzi wa uzamivu.

Kisii na Nyamira hazikosi pa kuanzia: kuna kituo cha Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya (KALRO) mjini Kisii, na Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopewa hati mwaka 2013, hufundisha kilimo. Kinachohitajika ni ufadhili wenye masharti. Swali la utafiti litokane na wafugaji na maafisa wa wadi. Sampuli zichukuliwe katika kaunti inayolipa. Wadi ipewe daktari wa muda. Mhitimu arudi kutumikia kwa miaka iliyokubaliwa. Na matokeo yaelezwe kwa Kiswahili na Ekegusii katika mabaraza na vyama vya wafugaji kabla mwanafunzi hajavaa joho. Kwa masharti hayo, kaunti hizi zinapaswa kulipia utafiti huo. Bila masharti hayo, heri fedha ziajiri maafisa wa nyanjani.