Dawa Rahisi Si Dawa Bandia

Likizoni nilipokuwa nyumbani Sigor, niliandamana na mwalimu wangu wa shule ya msingi hadi kwenye duka la dawa. Mzee huyu amestaafu, na pensheni yake huongezewa na maziwa ya ng'ombe wawili. Anaugua shinikizo la damu. Muuzaji alimwekea mezani pakiti mbili za amlodipini: moja yenye chapa ya kampuni iliyoivumbua, ya pili ya jeneriki, isiyofika robo ya bei ya ile ya kwanza.

Mwalimu aliisukuma kando ile ya pili. "Hiyo bandia," akasema. Fedha zake hazikutosha dozi ya mwezi ya ile nyingine, akanunua ya nusu mwezi na kunieleza kwamba atakuwa akimeza siku moja na kuruka siku moja. Nilipojaribu kumshauri, alinicheka: "Mwanangu, wewe ni daktari wa maneno, si wa dawa."

Alisema kweli. Lakini naamini kilichomponza mwalimu ni neno. Bandia ni kitu kilichoghushiwa ili kumhadaa mtu. Dawa ya jeneriki haimhadai yeyote. Ina kiini kilekile, kwa kipimo kilekile, na hutengenezwa baada ya hataza ya mvumbuzi kumalizika au kwa idhini ya sheria. Hataza hiyo, kwa mkataba wa Shirika la Biashara Duniani, hudumu miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Urahisi wake unatokana na kwamba mtengenezaji hakubeba gharama za uvumbuzi, tena hushindana na watengenezaji wengine.

Tukubali kwamba lugha yetu imechangia utata huu. Tukisema "dawa za asili", msikilizaji hufikiria mitishamba. Tukisema "dawa mbadala", hali ni hiyohiyo. Pengo hilo limejazwa na neno baya kuliko yote.

Mchanganyo huu wa maneno uliwahi kufika mahakamani. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 ilifafanua ubandia kwa upana uliotisha kuzikumba hata dawa halali za jeneriki. Wakenya watatu wanaoishi na virusi vya Ukimwi walishtaki. Mnamo Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba ufafanuzi huo ulihatarisha haki zao za uhai, heshima na afya. Walikuwa na sababu ya kuhofu. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuuza mseto wa dawa tatu za Ukimwi kwa dola 350 kwa mwaka, ilhali katika nchi tajiri matibabu hayo yalizidi dola 10,000. Bila jeneriki, wengi waliopo leo wangekuwa makaburini.

Wahenga walinena kwamba rahisi huvunja upishi, na sipuuzi hofu hiyo. Dawa bandia zipo, na zinaua. Hata hivyo, bei si kipimo cha kuzitambua. Kwa hakika mghushi huiga hata chapa ghali, maana nayo ina faida. Kinga ni kununua katika duka lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, kukagua pakiti na tarehe ya kuharibika, na kumwuliza mfamasia. Vilevile, mgonjwa wa kifafa, wa tezi la shingo au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asibadilishe dawa bila ushauri wa daktari, kwani kwake hata tofauti ndogo huweza kudhuru.

Walimu na wanafunzi, hapa ndipo penye kazi yetu. Tangu miaka ya 1950 Shirika la Afya Duniani limekuwa likiipa kila dawa jina moja la kimataifa, na majina hayo yana sarufi, mithili ya ngeli zetu. Amoksilini na ampisilini ni ukoo mmoja. Amlodipini na nifedipini ni ukoo mwingine. Mwisho wa jina ndio unaoutambulisha ukoo. Mwanafunzi anayeweza kupambanua viambishi hashindwi kusoma maandishi madogo chini ya chapa. Amsomee nyanya yake, na amfundishe kumwomba daktari aandike jina hilo badala ya chapa.

Mimi napendekeza tuziite "dawa zisizo na chapa" mpaka wataalamu watupatie istilahi bora. Tuwe wakali pia pindi mtu anapoita bandia kitu ambacho ni rahisi tu. Mwalimu wangu alinifundisha kuchagua maneno kwa uangalifu. Nitarejea Sigor likizo ijayo kumrudishia somo lake, nikiomba siku alizoruka zisiwe zimetangulia kumdhuru.